Umri wa Mama, Swali la Tisa

Fundi cherehani alikuwa amemzungushia msusi utepe kiunoni, pini zikiwa mdomoni, pale utepe ulipolegea. Akaukaza. Ukalegea tena. Alidhani msusi amevuta tumbo ndani, kama wafanyavyo wateja wanaotaka gauni lishonwe kwa kiuno cha zamani, akamwambia kwa meno yaliyobana pini kwamba apumue tu kama kawaida, gauni si picha. Msusi akasema mbona anapumua. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Fundi akasoma utepe, akaona kiuno kimefika cha mtoto wa shule ya msingi, na kabla hajausoma mara ya pili gauni la majaribio likaporomoka sakafuni na msusi akiwa ndani yake.

Fundi alitoa pini mdomoni kwanza, moja moja, akazichoma kwenye kimto chake. Halafu akapekua gauni. Alimkuta mtoto mchanga wa kike, mwekundu kama nyanya, amekunja ngumi moja na kwa ile nyingine kang'ang'ania kitana cha mpini mrefu ambacho msusi hakuwa akikiacha hata akienda kuoga. Fundi akakata kipande cha bitana, akamfunga.

Mama yake fundi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango akifumua pindo za suruali kuukuu. Akanyoosha shingo.

"Mvike kofia," alisema. "Utosi bado mbichi."

Haukupita muda binti wa msusi aliingia mbio, karatasi kaiinua juu kama bendera, akitangaza kwamba amefaulu. Fundi akamkabidhi kile kichanga, ndiye mama yake. Binti akamtazama, akamweka begani, akamsogeza kidogo ili karatasi isikunjike. Alieleza kwamba njiani amepita nyumba tatu na kote ni hivyo hivyo. Mama wa jirani wa kona walimkuta kwenye beseni la nguo, bahati maji yalikuwa machache. Akauliza kama gauni litakuwa tayari siku ile ile waliyopatana. Fundi akasema itabidi wangoje.

Binti wa fundi mwenyewe alifika wa mwisho, anaburuta ndala.  Akaweka karatasi yake juu ya meza ya cherehani, juu kabisa ya sketi iliyokuwa chini ya sindano, kisha akamtazama mama yake kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, kama mtu anayekagua kama mzigo umefika salama.

Ulikuwa mtihani wa aljebra ya kuanzia, ule wanaopewa wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza wa sekondari ili ijulikane nani anapanda na nani anaishia hapo. Maswali yalikuwa kumi. Tisa ya binti yalikuwa na tiki nyekundu. Swali la tisa lilikuwa na mkasi wa kosa, mkubwa, uliotoboa karatasi. Na swali la tisa ndilo lililokuwa la lazima: asiyelipata hapandi, hata mengine yote yawe kama dhahabu.

Lilisema hivi: umri wa mama ni mara tatu ya umri wa mwanawe, baada ya miaka kumi na miwili, umri wa mama utakuwa mara mbili ya umri wa mwanawe, tafuta umri wa mama.

Bibi aliyapenda sana maswali ya namna hiyo. Shule yake iliishia msingi, lakini kwake yeye x haikuwa jambo geni, ilikuwa kitendawili tu: kuna mtu kajificha, unapewa maneno mawili matatu, wewe umtaje. Akamwambia mjukuu wake amtegulie.

Binti akachukua vifungo kwenye kopo, akavipanga juu ya meza. Alieleza kwamba mabano ni kama mfuko. Ukiambiwa mfuko mara mbili, basi kila kilichomo kinakuwa mara mbili, vifungo vyeupe na vifungo vyeusi. Mtoto na miaka yake kumi na miwili wako ndani ya mfuko mmoja, kwa hiyo mtoto anakuwa wawili na miaka inakuwa ishirini na minne. Ukifanya hivyo unapata mtoto wa miaka kumi na miwili na mama wa miaka thelathini na sita. Hivyo ndivyo alivyoandika.

"Na wao wanasemaje?" fundi aliuliza.

"Sifuri."

Aliyetunga mwongozo wa kusahihishia huko ofisi ya mitihani alizidisha mtoto, akaisahau ile miaka kumi na miwili. Akaiacha kama ilivyo. Ikakatana na kumi na mbili ya upande wa pili, akabaki na sifuri, akaipigia mstari, mhuri ukagongwa. Wanafunzi wengi nao walifanya kosa hilo hilo, maana ndilo kosa lililo karibu na mkono. Wakapewa tiki. Na kila tiki ilipomaliza kukauka, mama wa mwenye karatasi alikuwa na umri ulioandikwa pale.

Mtaa ulizoea upesi. Waume walijifunza kupima joto la maziwa nyuma ya kiganja. Mume wa msusi, ambaye miaka yote hakuwahi kujua chumvi inakaa wapi, sasa alionekana akipita na chupa, kitambaa begani, anawauliza watu kama mtoto akicheua hivi ni kawaida. Vijana walimtania kwamba alioa mke mdogo. Yeye akawajibu kwamba angalau huyu hamuulizi alikuwa wapi, kisha akageuza uso, akajifanya anafunga kifuniko.

Kulikuwa na msichana mmoja waliyemwita Kimya, ambaye mama yake alifariki siku nyingi na alikuwa akilala jikoni kwa shangazi. Naye aliandika sifuri. Alipofika nyumbani alimkuta mama yake kwenye gunia la unga, mchanga, mzima, analilia kunyonya. Kimya akamchukua. Tangu siku hiyo alionekana akitabasamu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia jambo lolote kuhusu mabano.

Wengine walijaribu kurekebisha wenyewe. Waliandika thelathini na sita kwenye madaftari, kwenye kuta, wengine juu ya vipaji vya nyuso za watoto wale kwa chaki. Haikusaidia. Kazi ya daftari haikuwa na nguvu hiyo. Ni mtihani tu, na tiki ya kalamu nyekundu.

Mkutano uliitishwa uwanjani pa shule. Mtu wa ofisi ya mitihani alikuja na koti, kalamu nne zimejipanga kifuani. Alianza kwa kuwapongeza wazazi: haijapata kutokea shule hii kufaulisha kiasi kile. Mume wa msusi, huku akimbembeleza mkewe kwa kumpigapiga mgongo, akauliza kwa heshima zote kama huo mwongozo ulipata kuangaliwa na mtu wa pili. Mtu wa ofisi akasema mwongozo haukosei, na kama wanataka ushahidi basi wautazame uwanja wenyewe. Akaonyesha kwa mkono safu za wanaume na wasichana wenye vichanga.

"Umri wa mama ni sifuri," alisema. "Mnawaona. Kuna mtu yeyote hapa mwenye miaka thelathini na sita?"

Watu wakatazamana. Fundi akasimama.

"Mimi nina thelathini na minane."

"Basi hata wewe, mama, si jibu la binti yako," alisema mtu wa ofisi, bila ubaya, na baadhi ya watu wakacheka. Akatangaza kwamba walioshindwa wanarudia mtihani. Karatasi zilizochapishwa ni hizo hizo, kwa hiyo maswali ni yale yale. Watakaoshindwa tena kiwanda cha magunia kinawapokea, kimeshatenga nafasi.

Bibi alikuwa ameketi kwenye ngazi za darasa. Akasema, si kwa sauti kubwa lakini walio karibu walisikia, kwamba mambo ya leo yamemshinda: wenyewe wamekosa kitendawili, na bado sisi ndio tunaotoa mji.

Watu walipotawanyika, fundi alimfuata mwalimu wa hesabu darasani. Wanafunzi walimpa jina la Sawasawa, kwa sababu alama ya kusawazisha aliichora kwa rula, ndefu, ubao mzima. Alikuwa akifuta ubao ambao haukuwa na kitu. Fundi akamuuliza jibu ni ngapi. Mwalimu akaenda akafunga mlango kwanza.

"Thelathini na sita," alisema.

"Basi mpe mwanangu."

Mwalimu akamweleza kwamba alijaribu. Aliweka tiki kwenye karatasi ya binti, kwa kalamu nyekundu hiyo hiyo, na asubuhi yake akaikuta tiki imeanguka sakafuni, imepinda kidogo. Akairudisha, ikaanguka tena. Hatimaye aliifagia. Tiki isiyo kwenye mwongozo haishiki, alisema. Na akiendelea kujaribu wataletewa mwalimu mwingine, na huyo mwingine huenda asijue kwamba ni thelathini na sita.

"Na kujua kwako kunamsaidia nani?" fundi aliuliza.

Mwalimu akageukia ubao. Aliendelea kufuta.

Nyumbani fundi hakuzungumza hadi alipomaliza sketi ya mteja. Bibi alikuwa akikohoa. Bibi alifanya kazi kiwanda cha magunia tangu usichana hadi mapafu yalipokataa, na hadi leo akikohoa hutoa nyuzi, nyuzi halisi za kahawia, nyingine ndefu kama mkono. Fundi huzikusanya na kuzifunga kwenye kijiti, maana uzi ni uzi. Siku hiyo aliukusanya mmoja, akauviringisha kidoleni, akamwonyesha binti yake.

"Utaandika sifuri," alisema.

"Jibu ni thelathini na sita."

"Najua. Wewe unajua, mimi najua, na yule bwana rula anajua. Andika sifuri."

"Mama, huo ni uongo. Na uongo wenyewe utakuwa ni wewe."

"Basi nitakuwa uongo wenye nguo," fundi alisema, akavuta kikapu kutoka chini ya meza.

Alikuwa ameshaanza kujishonea. Kulikuwa na vigauni viwili vya pamba laini, vya kufungwa kwa nyuma, kofia yenye bitana, na soksi alizozikata kutoka mikono ya sweta lake mwenyewe. Upindo aliuacha mpana, wa kufumuliwa kadiri mtu anavyokua. Binti alishika kofia, akaivisha ngumi yake, ikaenea. Akairudisha kikapuni.

Akasema ataenda magunia. Ataamka mapema, atafunga kitambaa puani, na mama yake atabaki hapo hapo alipo, na ukubwa wake. Bibi akasema hata yeye alifunga kitambaa puani. 

"Nikifaulu, nitakuja kumwambia nani?" binti aliuliza.

Fundi akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, ingawa hakukuwa na nguo chini ya sindano.

"Mimi. Nitakuwa nakusikiliza."

"Utakuwa unalia."

"Kwani hujaona watu wanasikiliza huku wanalia?"

Bibi akaingilia. Akamwambia mjukuu wake asihangaike na malezi, yeye Bibi alishamlea huyu mara moja na mkono haujasahau. Alikuwa mwenye kulialia, lakini alikuwa mwepesi kushiba, na ukimwimbia ovyo analala ili tu unyamaze. Binti akacheka bila kutaka, na kicheko kilipokwisha hakikuacha nafasi ya kurudi kwenye ubishi. Akakubali kwa kunyamaza.

Siku zilizobaki fundi alizitumia kusema. Kulikuwa na maneno aliyokuwa ameyawekea akiba, mengine ya binti akivunja ungo, mengine ya siku ya kuolewa, mengine ya uzazi, mengine ya uzeeni kabisa, na sasa ilibidi yatoke yote kwa pamoja bila mpangilio. Alimwambia namna ya kumtambua mwanamume anayetaka kuinua mkono kabla hajauinua. Alimwambia uchungu wa kujifungua unakuja kama wimbi la hasira na unaondoka hivyo hivyo. Kisha akakumbuka mkasi wa nguo usikate karatasi, na mwuguzi wa zahanati ana bega moja chini, asimwambie, aongeze tu pamba upande ule. Akarudi tena kwenye wanaume. Alizungumza akipika, alizungumza huku akiipaka cherehani mafuta, alizungumza nyuma ya mlango wa bafu. Binti alikuwa akiitikia naam, na mara nyingine alimwomba arudie, si kwa kuwa hakusikia.

Asubuhi ya mtihani fundi alimsuka, kwa kuwa msusi hakuwepo. Njia hazikunyooka. Binti akasema zimenyooka, akachukua rula na kalamu, akaondoka.

Bibi alimkataza fundi kuketi kwenye kiti cha cherehani, asije akaanguka. Akamlaza kitandani, mito pande zote mbili, kikapu cha nguo kando, akabandika maji ya kuoga. Walizungumza mambo ya kawaida: bei ya vitambaa, mbuzi wa jirani aliyekula kola ya shati la mteja. Fundi akamuuliza mama yake kama akiwa mdogo alimsumbua sana. Bibi akasema sana. Fundi akasema basi samahani, na samahani kabisa kwa safari hii.

Ilianza kwa subana, kile kikofia cha kukinga kidole na sindano. Alikuwa amesahau kuivua, na sasa ilimpwaya kidoleni, kisha ikameza kidole chote, kisha ikawa kama kikombe. Akajua kwamba shuleni kalamu nyekundu imeshatua. Hakusikia maumivu. Dari ilisogea mbali. Halafu majina yakaanza kumtoka, kwa utaratibu, kama wateja wanaoaga mmoja mmoja: yalitoka ya vitambaa, ya rangi, ya mtaa na watu wake, likatoka jina la marehemu mumewe, ambalo alidhani lingekuwa la mwisho. Jina la binti alilishikilia kwa nguvu zote. Aliligeuza mdomoni, na mdomo haukuwa na meno, na likateleza.

Bibi akamwinua, akamnusa kichwani.

"Umerudi," alisema. Akamwosha.

Binti alifika na karatasi yenye tiki kumi. Akaketi kitandani, akamweka mama yake mapajani, akamwambia amefaulu. Akamweleza swali moja moja, kuanzia la kwanza, kama walivyopatana. Mama yake alilia kuanzia swali la pili.

Shule ya juu ilikuwa ng'ambo ya pili ya mji, majengo ya ghorofa yenye madirisha ya vioo. Tangazo la mapokezi lilisema kila mwanafunzi afike na mzazi wake, mzazi mwenyewe, si mwakilishi, kwa ajili ya kuandikishwa. Kwa hiyo walifika na wazazi wao. Karani alibonyeza vidole vidogo kwenye wino kimoja baada ya kingine, akawapangusa kwa pamba, akasema wazazi wanakaribishwa kushuhudia kipindi cha kwanza mradi wasifanye kelele. Kimya alikuwa ameketi mstari wa mbele, mama yake kalala kifuani. Binti wa msusi alikuwa pembeni yake, kanyoa nywele zote, kwani hakuna wa kumsuka.

Mwalimu wa hesabu wa shule ile alikuwa mwanamke mwenye mikono safi na chaki mpya. Akawasalimu, akawaambia kabla hawajaanza mambo ya mwaka huu wataamsha akili kidogo kwa kitu wanachokijua, maana kama si kukijua wasingekuwa hapo. Akaandika ubaoni swali la mama na mwanawe. Mara tatu, kisha mara mbili, kisha mabano.

Mama yake binti wa fundi alikuwa macho. Alitazama ule weupe ukitembea juu ya weusi, akaona ni mzuri, na hakuwa na neno la kuuitia.

Mwalimu alifungua mabano. Akazidisha mtoto, akazidisha na miaka kumi na miwili, ikawa ishirini na minne. Akahamisha, akatoa, akapata kumi na mbili, akazidisha kwa tatu.

Binti wa fundi akanyoosha mkono. Alisema kwamba kwenye mtihani jibu lilikuwa sifuri.

"Ule ulikuwa mtihani wa kuwaingiza," mwalimu alisema kwa upole. "Hapa ndipo mnapojifunza. Nakilini."

Msichana mmoja nyuma akauliza kama basi mwongozo utarekebishwa kwa wanaokuja. Mwalimu akasema alivyosikia ni kwamba karatasi za mwaka ujao zimeshachapwa, na zaidi ya hapo hilo si la somo lake. Akageukia ubao, akaandika thelathini na sita, akaipigia mistari miwili.

Darasa zima likainama kuandika. Kalamu zilisikika, na pumzi za waliolala. Binti wa fundi alinakili kwa mkono mmoja, herufi zikimwendea mrama, kwa sababu wa pili ulikuwa umeishika shingo ya mama yake, ambayo ilikuwa bado haijakaza.